Chokaa ya Pottalkunru

Sari ndiyo iliyomsimamisha Inspekta Kanagavalli kwenye mlango wa pango.

Alikuwa amepanda ngazi mia mbili na kumi zilizochongwa kwenye mwamba, jua la saa tatu likimchoma kisogoni, akitarajia kukuta vurugu: taa zimepinduliwa, maua yamekanyagwa, vyombo vimetawanyika. Ndivyo kuhani Pachaiyappan alivyosimulia kwenye simu huku akilia, kwamba mashetani yameingia usiku yakamkata Mama uso. Alichokikuta ni pango lililofagiwa. Taa ya shaba ilikuwa inawaka, imejazwa mafuta hadi ukingoni. Na Mama mwenyewe, Amman wa kilima cha Pottalkunru, aliyechongwa ukutani kwa kimo cha mwanamke mzima, alikuwa amevishwa sari nyekundu mpya na kufunikwa kichwa kwa upindo wake.

"Nani kamfunika?" Kanagavalli aliuliza.

"Nilimkuta hivyo hivyo, Bi Inspekta," alisema kuhani. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, macho yamevimba kwa kulia. "Nimepanda saa kumi na mbili kuwasha taa, nikaikuta inawaka. Nikajiuliza, mbona leo kajitanda kama bibi harusi? Nikafunua. Nikakaa chini kama mtoto."

"Jana jioni alivaa hii?"

"Hapana. Jana alivaa ya kijani. Hii nyekundu dada yangu aliiweka kwenye sanduku kwa ajili ya leo, Ijumaa ya kumtolea Mama uji."

"Sanduku lina kufuli?"

"Nani amwibie Mama nguo?"

Inspekta alipiga magoti, akahesabu marinda ya sari bila kuyagusa. Yalikuwa saba, yamelingana, yamechomekwa kiunoni kwa sanamu kwa namna ambayo yeye mwenyewe, mwanamke aliyevaa sari tangu ana miaka kumi na sita, asingeweza kuipata bila kioo. Halafu akasimama na kuinua upindo.

Watu wa Pottalkunru walimjua Mama kwa uso wa chokaa uliopakwa manjano, wenye macho makubwa kama visahani. Uso huo haukuwapo. Kuanzia kidevuni mpaka juu ya taji, chokaa ilikuwa imebanduliwa, na mahali pake palikuwa na mwamba wa kijivu uliochongwa uso mwingine, mwembamba na mtulivu, kope zimeinama kidogo. Juu ya taji, pale palipokuwa na tuta la chokaa lisilo na umbo, sasa alionekana mtu mdogo amekaa uchi, miguu kaikunja, viganja mapajani, na miavuli mitatu imepandana juu ya kichwa chake.

Konstebo Sargunam, aliyebakiza miezi mitano kustaafu na asiyependa ngazi, aliingia akihema. Akatazama. "Na huyu wa juu ni nani? Mbona hana hata kipande cha nguo?"

"Mtawa wa dini ya Kijaini. Wao huacha hata nguo," alisema Kanagavalli. "Lete rula."

Alifanya kazi kwa dakika arobaini. Vipande vya chokaa havikuwa vimetupwa. Vilikusanywa pembeni juu ya jani la mgomba, vikubwa chini na vidogo juu. Alichukua kimoja akakigeuza kwenye mwanga. Ukingoni kilikuwa na matabaka kama kitunguu. Alihesabu matano, na yote kwa pamoja yalifika unene wa vidole viwili. Kisha akawasha tochi, akapita kwa kioo cha kukuzia juu ya uso wa mwamba, shavu, pua, midomo. Hakukuta hata mkwaruzo mmoja. Kwenye chokaa iliyobaki shingoni, chuma kilikuwa kimeacha alama bapa, ndefu, zenye ukingo uliopinda kidogo. Akazipima: sentimita saba kasoro.

"Afande!" Sargunam aliita kutoka nje. Alikuwa ameinama kwenye ngazi ya kumi na tisa kutoka juu, na aliporudi alibeba kitu kwenye leso kama mtu aliyeokota yai. Ilikuwa tindo, ile ya kupasulia mawe, yenye herufi mbili za kampuni ya machimbo ya mawe zilizogongwa kwenye shina. "Kesi imekwisha. Tunaweza kunywa chai."

Wakati huohuo kilima kilitetemeka. Upande wa mashariki, baruti ya machimbo ilikuwa imelipuliwa, na vumbi jembamba likadondoka kutoka kwenye dari ya pango hadi kwenye bega la Mama.

"Iandikie kibandiko," alisema Inspekta. "Chai baadaye."

Mbele ya kituo cha polisi watu wapatao themanini walikuwa wamekaa katikati ya barabara, na malori yalikuwa yamepanga foleni hadi kwenye kinu cha mpunga. Walikuwa wakimtaka mtu aliyekuwa ndani. Wao wenyewe ndio waliomleta, saa moja asubuhi, wakimvuta kwa mkono kutoka mtaa wa Wajaini: Mwalimu Appandai Nainar, miaka sabini na sita, aliyefundisha hesabu watoto wa nusu ya wale waliokuwa wakimzomea.

Kwenye kitabu cha matukio aliandikwa "mshukiwa". Simu ya mkuu wa polisi wa tarafa ilikuja kabla Kanagavalli hajavua kofia.

"Saa kumi wanawake wanapanda na uji," mkuu alisema. "Sitaki wapande na mawe. Nataka jina, na jina unalo tayari, limekaa mahabusu."

"Nitakuwa na jina saa kumi, Afande."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, mgongo wima, kana kwamba anasimamia mtihani.

"Umekula, Mwalimu?"

"Wamenipa maji, binti yangu. Nimeyachuja kwa leso yangu, yanatosha." Aliishika bilauri ya chuma kwa mikono miwili, na bado maji yalimwagika kwenye shuka lake jeupe kabla ya kufika mdomoni. Hakujaribu kuficha. Kanagavalli aliitazama mikono ile muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mwezi wa tatu ulisimama kwenye mkutano wa kijiji, ukasema chini ya chokaa kuna mwingine."

"Nilisema. Wakanizomea."

"Na ukaandika barua kwa ofisi ya mambo ya kale."

"Saba. Nilipata jibu moja: kwamba wamebadilisha anwani."

"Sasa amefunuliwa. Umefurahi?"

Mzee aliweka bilauri chini. "Umemwona wewe mwenyewe?"

"Nimemwona. Mwanamke, na juu yake mtu mdogo chini ya miavuli mitatu."

"Kiunoni ana mtoto?"

"Huko chokaa bado ipo."

"Yupo. Na kama wachongaji hawakuwa wavivu, ana tawi la mwembe mkononi na simba miguuni. Sisi tunamwita Ambika. Ndiye mlinzi wa yule wa juu." Alitikisa kichwa. "Nilitaka waje wataalamu na brashi laini. Sikutaka mtu na chuma. Ungekuwa na picha ya mama yako imejaa vumbi, ungeipiga shoka?"

"Watu walioko nje wanasema Wajaini mnadai kilima chenu kilichoibwa."

"Wajaini ni nyumba thelathini na wanalima karanga," alisema Mwalimu. "Sikiliza. Watawa walilala kwenye vile vitanda vya mawe vilivyo juu ya pango. Umeviona? Vimelainika kwa migongo ya watu. Halafu watawa wakaisha. Wengine walifunga kula mpaka kufa, kama ilivyo ada yao, wengine walihama, wafalme waliowapa mchele wakapata wapenzi wengine. Pango likabaki tupu. Akaja mtu anatafuta mbuzi wake, akamkuta mama kasimama gizani na mtoto, peke yake. Akamwashia taa. Huyo mtu ni mwizi? Bibi yangu mimi alikuwa akimpelekea bangili kila mwezi wa Aadi kama huu, mwezi wa sikukuu yake. Kwetu Ambika, kwao Amman. Yeye mwenyewe sijasikia akilalamika."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Tangu mvua zianze sitoki jua likishazama, nisije nikakanyaga viumbe nisivyoviona. Ni nadhiri ya miezi minne."

"Mashahidi?"

"Mtaa mzima. Lakini wote ni ndugu zangu, kwa hiyo hawafai."

"Nani kakufundisha sheria ya ushahidi?"

"Nimekaa na Sargunam asubuhi, kabla hamjapanda kilimani. Anapenda kuongea."

Kanagavalli aliandika maelezo yake, akampa kalamu atie sahihi. Jina la mzee lilitambaa juu ya mstari kama sisimizi aliyetoka kwenye wino, likapanda, likashuka, likatoka nje ya karatasi. Inspekta alilikunja jalada.

Nje ya chumba, Sargunam alimnong'oneza, "Tumwachie?"

"Mkono ule haujabandua chokaa ya vidole viwili bila kuugusa mwamba. Lakini nikimwachia sasa, hatafika sokoni salama. Abaki ndani. Mlango msiufunge."

Ofisi ya machimbo ilikuwa kontena lenye kiyoyozi upande wa mashariki wa kilima, mahali ambapo mlima ulikuwa umekatwa kama mkate. Mwenye kampuni, Dorairaj, aliwakaribisha kwa soda baridi. Alikuwa mtu wa shati jeupe lisilo na doa na simu tatu mezani.

"Tindo ni yangu," alisema baada ya kuitazama ndani ya mfuko wa kielelezo. "Ninazo mia mbili, na kila wiki zinapotea tano. Vibarua wangu wanapitia ngazi zile kwenda kumwomba Mama. Mnataka kunifunga kwa sababu mtu kadondosha chombo?"

Kanagavalli alikuwa ameshaikagua kwenye gari. Ncha ilijaa unga wa mwamba mkavu. Chokaa, ambayo hujibana kwenye kila ufa wa chuma, haikuwapo hata punje. Na upana wake haukuzidi sentimita mbili. Hakumwambia hayo.

"Jumatatu una kikao mkoani," alisema.

"Kikao cha kibali cha kuchimba kilima chote, ndiyo. Sina la kuficha." Alimsogezea karatasi yenye mhuri. "Mpimaji alikuja mwaka jana. Soma mwenyewe. Pango la asili. Mashimo ya asili. Sanamu ya saruji, ya miaka ya karibuni, inahamishika. Nimewajengea wanakijiji hekalu bondeni, Inspekta, kwa vigae na feni nne. Mama atakaa raha kuliko sisi. Na wazee hawatapanda tena zile ngazi za kuvunja magoti."

"Huyo mpimaji alipanda?"

"Hilo muulize yeye."

Inspekta alitoa simu yake, akafungua picha, akaiweka mezani juu ya ile karatasi. Hakuitazama picha, alimtazama mtu. Dorairaj aliinama akitabasamu, na tabasamu likabaki mdomoni kwa muda baada ya macho kuwa yameshaondoka. Alivuta picha kwa vidole viwili, akaikuza. Mtawa mdogo akajaa kioo kizima.

"Hiki... hiki ni jiwe," alisema.

"Ni jiwe."

"Nani mwingine ameiona hii picha?"

Kanagavalli aliichukua simu yake, akashukuru kwa soda ambayo hakuinywa, akatoka.

Kwenye gari Sargunam alikuwa amenuna. "Hata hujamuuliza jana usiku alikuwa wapi."

"Aliyevunja angeogopa kukamatwa. Yule kaogopa picha. Kwake yeye, jana usiku kumetokea hasara kubwa kuliko zote. Chokaa ingebaki, sanamu ingebaki ya saruji, na Jumatatu angepata kilima. Mwamba wenye mchongo wa kale haulipuliwi."

"Basi si mwalimu, si tajiri. Nani kabaki, shetani?"

"Shetani gani anafagia? Anakusanya vipande juu ya jani, anajaza mafuta kwenye taa, anamvisha sari ya sikukuu, tena kwa marinda saba?" Alitazama saa. Ilikuwa saa sita na robo. "Umesema una njaa. Twende kwa kuhani."

"Afande, mimi nimesema nina kiu."

Nyumba ya Pachaiyappan ilikuwa chini ya kilima, mwisho wa njia. Kuhani alikuwa amejilaza barazani, kitambaa kimemfunika macho, akipokea pole za kila apitaye. Aliyeinuka kuwapokea wageni ni dada yake, Angammal. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mwembamba, mkavu, mwenye mikono ya mtu anayejua kisu kinakata wapi. Yeye ndiye aliyemwogesha Mama na kumvisha kwa miaka arobaini. Kaka yake alisoma tu maombi na kupokea nazi.

"Hujala, mwanangu," alimwambia Inspekta. Hakuwa akiuliza. "Keti. Mimi leo nimefunga, lakini unga wa dosa upo."

Kanagavalli aliketi kwenye mkeka mlangoni pa jiko, mahali ambapo angeweza kuona moto. Dosa ya kwanza, chapati nyembamba ya unga wa mchele, ilikuja imepasuka katikati. Ya pili ilikuja imejikunja kama kitambaa cha deki. Angammal alikuwa akizigeuza kwa kijiko cha wali, akizikwangua, akizilaani kimoyomoyo.

"Dosa za dada zinasifika mpaka Vandavasi," kuhani aliomba radhi kutoka barazani. "Leo ni majonzi tu."

Inspekta alikula zote mbili, na chatini ya nazi, bila haraka. Alipomaliza alinawa mkono.

"Kaka," alimwita kuhani, "nenda ukawaambie wanawake wachelewe nusu saa kupanda. Sargunam atakusindikiza."

Walipokwisha kutoka, alimgeukia mama yule. "Mwiko wako wa kugeuzia dosa uko wapi?"

"Umepotea."

"Ni bapa, wa chuma, ukingo umepinda kidogo. Upana wake kama sentimita saba."

Angammal alipunguza moto chini ya kikaango. "Ulikuwa saba wakati wa mama yangu," alisema. "Umelika upande wa kulia."

Kuku aliingia jikoni, hakuna aliyemfukuza.

"Chokaa ya Mama ilipakwa lini mara ya mwisho?" Kanagavalli aliuliza.

"Miaka kumi na miwili iliyopita. Kila baada ya miaka kumi na miwili."

"Nani aliisaga?"

"Mimi. Kwa maji ya sukari guru, siku tisa, mpaka ikawa laini kama siagi."

"Kwa hiyo unajua unene wake. Aliyeshika kile chuma alijua pa kukomea. Mtu asiyejua angeuchubua mwamba walau mara moja." Alitoa daftari, lakini hakulifungua. "Ulimwona lini kwa mara ya kwanza?"

"Mwaka ule ule. Tulikuwa tunamwosha kabla ya kupaka. Kipande cha shavu kikanidondokea kiganjani. Nikaona jiwe, na jicho. Nikamwita baba, alikuwa hai bado. Akatazama akanyamaza, halafu akasema, paka. Nikapaka." Alikaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. "Lakini tangu siku hiyo nikimpaka manjano nilikuwa najua nampaka nani. Sikuona tofauti, mwanangu. Nilikuwa namwambia tu, mama, naomba radhi, baba kasema."

"Na jana?"

"Jana kaka karudi kutoka kwa Dorairaj na karatasi. Anafurahia feni. Akanisomea: sanamu ya saruji." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Saruji! Mtu ambaye hakupanda hata ngazi kumi! Jumatatu wangekaa mezani wakaandika hivyo, na neno likishaandikwa na serikali ndiyo basi. Wangebandika bondeni sanamu nyingine na kumpasua yeye kwa baruti. Mwalimu kaandika barua saba, hazikumleta hata tarishi. Mimi nimebandua uso mmoja, na ninyi mmefika kabla ya saa nne, na kamera na rula."

"Ungenifuata kituoni ukaniomba nije nitazame."

"Ungekuja?"

Kanagavalli aligeuza daftari magotini.

"Na Mwalimu?" aliuliza badala yake.

Hapo mikono ya Angammal ilikosa mahali pa kukaa. "Sikumfikiria. Nilidhani watasema ni watu wa machimbo. Asubuhi nilikuwa navaa nije kwako, nikasikia wamemburuta njiani. Nikaogopa. Nikarudi ndani nikasaga nazi."

"Mzee wa miaka sabini na sita amekaa ndani tangu saa moja kwa ajili yako."

"Ndiyo. Liandike na hilo."

"Unaloniambia mimi, mahakama hailihesabu. Utalisema mbele ya hakimu, kwa hiari yako. Na ni kosa, mama. Kuharibu kitu cha ibada. Unaweza kufungwa."

"Na pango?"

"Pango ni mahali pa tukio. Nalifunga kwa lakiri leo. Mtaalamu wa mambo ya kale ataitwa kwa amri ya mahakama aseme kilichoharibiwa ni nini na ni cha lini. Mpaka hapo, hakuna anayelipua baruti kwenye kilima hiki. Hakuna anayeingia."

Angammal alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Halafu uso wake ukabadilika.

"Hakuna anayeingia," alirudia. "Hata na taa?"

"Hata na taa."

"Kwa muda gani?"

"Kesi za namna hii... mwaka. Pengine miwili."

Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Alitazama moto, akauzima.

"Alisimama gizani kabla yetu," alisema mwishowe, akainuka kutafuta viatu vyake. "Twende nikawaambie mwenyewe. Wasije wakasikia kwa mtu mwingine."

Saa kumi na nusu wanawake mia na zaidi walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa mwamba mbele ya pango, vyungu vya uji wa ulezi vichwani, majani ya mwarobaini mdomoni mwa vyungu. Wanaume walisimama nyuma yao, na baadhi yao mikono ilikuwa mgongoni. Sargunam alikuwa amempandisha Mwalimu Appandai kwa amri ya Inspekta, na alipotokea juu ya ngazi mngurumo ulipita katika umati.

"Huyo hapo! Mnamleta amalizie?"

"Mwalimu hajafanya kitu," alisema Kanagavalli. Hakupaza sauti. "Anayejua aliyefanya yuko hapa. Atasema."

Angammal alisimama mlangoni mwa pango. "Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Mtu mmoja alicheka.

"Mimi, Angammal. Nimembandua kwa mwiko wa dosa."

Kaka yake alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Nyuma, kijiwe kiliruka, kikagonga mwamba juu ya kichwa cha Angammal, kikarudi chini. Sargunam, ambaye kwa miaka thelathini alijulikana kwa uvivu, alimfikia aliyekirusha kabla hajaokota cha pili, akamkalisha chini kwa kumkamata bega tu.

"Mlaanini baadaye," Inspekta aliwaambia. "Kwanza mtazameni Mama. Nikishafunga hapa hamtamwona tena kwa muda mrefu. Kina mama, njooni. Watatu watatu."

Hakuna aliyesogea. Kisha Kuppu, ajuza wa miaka tisini hivi aliyebebwa mgongoni na mkwewe kwenye ngazi zile, alidai ashushwe. Aliingia pangoni kwa fimbo yake. Angammal alimwinulia upindo wa sari, na bibi akasogeza uso wake karibu kabisa na uso wa jiwe, kwa kuwa macho yake hayakuwa yakiona mbali ya dhiraa moja. Alimpapasa shavu. Alipapasa pua, midomo, kope zilizoinama. Kidole chake kikapanda, kikamkuta yule mdogo chini ya miavuli, kikapita juu yake polepole.

Nje walisubiri.

"Bibi," mtu aliita, "ni nani?"

"Nani tena?" Kuppu alifoka. "Ni yeye. Kanawa uso."

"Na huyo wa juu?"

"Ana wageni. Ninyi nyumbani kwenu hamna wageni?"

Kicheko kilianza kwa mwanamke mmoja, kikakatika, kikaanza tena kwa mwingine kikiwa na machozi ndani yake. Walianza kuingia, watatu watatu. Baadhi walitoka wamekunja uso, wasiamini. Mmoja alitema mate chini karibu na miguu ya Angammal, na Angammal hakuondoa miguu. Wengi walisimama ndani muda mrefu kuliko walivyoruhusiwa, na Inspekta akajifanya hana saa.

Jua lilikuwa bado juu ya mitende aliponyoosha mkanda mlangoni na kubana lakiri ya risasi. Wanawake walipanga vyungu nje ya mkanda, safu baada ya safu, wakaanza kugawiana uji pale pale juu ya mwamba. Kuppu aliamuru Mwalimu apewe bakuli. Aliyempelekea ni mmoja wa waliomburuta asubuhi, na hakujua aangalie wapi wakati mzee anaunywa kwa mikono miwili inayotetemeka, ukimdondoka kidevuni.

Kanagavalli hakumtia pingu Angammal. Walishuka ngazi pamoja, taratibu, kuhani akiwafuata kwa mbali akiuliza kila baada ya hatua kumi ni nani sasa atapika. Chini, kwenye gari, Angammal aligeuka na kumkuta Mwalimu amewafuata. Aliinama akagusa miguu yake.

"Nilinyamaza, Mwalimu. Nilijua wewe uko ndani nikanyamaza."

"Nimesikia," alisema mzee. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alimtazama tu, kisha akatazama juu, kule kwenye pango. "Mtoto yupo?"

"Yupo. Mkono wa kushoto. Nilimgusa kwa kidole, nikamwachia chokaa yake asione baridi."

Mwalimu Appandai alitikisa kichwa mara kadhaa. Halafu akashika mlango wa nyuma wa gari, akaweka mguu mmoja ndani, akavuta na wa pili, akaketi kwenye benchi la wafungwa.

"Mwalimu," alisema Sargunam, "wewe umeachiwa."

"Najua," alisema mzee. "Songa kidogo, mama huyu apate nafasi."